Hame la babu: msikiti, sebule au kambi ya mkonge?

Swali: "Shikamoo mzee. Marehemu babu ametuachia shamba la minazi pwani, kati ya Kigombe na Pangani. Ndani ya kichaka, karibu na mikoko, kuna kuta za mawe zilizobomoka, kisima kilichojengwa na mbuyu mkubwa. Ukuta mmoja una kijidirisha ambacho hakitokei upande wa pili. Hatua chache kutoka hapo kuna vipande vya reli ndogo na zege lenye bolti. Nimeokota kigae cha sahani chenye maua ya buluu, nimekutumia picha. Wazee wengine wanasema ni kwa Wareno, wengine kwa Mjerumani. Bibi yeye anasema ni hame tu, na tusipasogelee jioni. Kaka zangu wameshaleta watu wenye mashine ya kupimia, wanasema kuna mali ya Mjerumani. Ni nini hiki, ni cha lini, na nifanye nini kabla hawajaanza kuchimba?"

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba wa babu.

Nianze na kaka zako. Kuta zimesubiri miaka mingi, zinaweza kusubiri aya tatu nne. Mwenye sururu hasubiri.

Habari za mali ya Mjerumani nimezisikia tangu ujana, kuanzia Moa mpaka Mkwaja, na simulizi ni ile ile: Mjerumani alipokimbia vita alifukia sanduku, akapanda mti juu yake, akachonga alama kwenye jiwe, na mjukuu wake huja na ramani akijifanya mtalii. Sasa tazama mambo yalivyokuwa. Waingereza waliingia Tanga mjini Julai 1916, vita ikiwa na karibu miaka miwili. Hakuna Mjerumani aliyeshtukizwa kitandani. Reli ya kwenda Moshi ilikuwa yao, kwa hiyo aliyekuwa na cha thamani alishapata muda na njia ya kukipeleka bara. Na hicho cha thamani chenyewe kilikuwa kimeadimika. Manowari za Kiingereza zilifunga bahari, fedha kutoka kwao haziji, serikali yao ikawa inachapisha noti za karatasi humu humu nchini. 1916 kule Tabora wakagonga sarafu za heller kwa shaba waliyoipata. Zile rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, ambazo kila mchimbaji anaziota, ziligongwa Tabora hiyo hiyo kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na jumla yake ilikuwa kama 16,000 tu. Serikali iliyofika kuchapisha pesa porini haina masanduku ya kuja kufukia kwenye minazi ya babu yako.

Mashine yao italia, usibabaike. Umeniambia mwenyewe kwamba hapo pana reli na bolti. Italia mpaka betri iishe, na kila ikilia watakwambia "bado kidogo, ongeza hela ya vibarua."

Hasara yake nimeiona kwa macho. Kusini kidogo ya kwenu palikuwa na kaburi la kale lenye nguzo, limejengwa kwa matumbawe yaliyochongwa, mtu ukipitisha kidole unasikia bado ncha za ile nakshi. Waliingia usiku mmoja. Asubuhi tulikuta nguzo imelala vipande vitatu, pembeni tindo, mshumaa na karatasi ya mkate. Ndani ya kaburi walikuta mifupa, ambayo ndiyo kitu pekee mtu mwenye akili angetarajia kuikuta kaburini. Ile nguzo haikuinuliwa tena.

Halafu sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo lililojengwa kabla ya 1863 hata kama hakuna aliyewahi kuja kusimika kibao. Kuchimba vitu vya kale bila leseni ni kosa, na kuwa shamba ni lako hakukupi ruhusa. Waambie kaka zako hilo mbele ya hao wenye mashine. Mara nyingi wenye mashine huwa wa kwanza kukumbuka kwamba wana safari.

Tuje kwenye kuta.

Katika wote uliowataja, aliyelipa mahali pale jina sahihi ni bibi yako. Kiswahili kina maneno ya mambo haya kuliko tunavyokumbuka siku hizi. Gofu ni jengo lililobaki mifupa. Ganjo ni kijiji kilichoachwa. Tongo ni hivyo hivyo. Hame limetokana na kuhama, ni mahali palipohamwa. Shika hilo la kuhama, kwa sababu aliyehama alikwenda mahali, na kwa pwani yetu mara nyingi hakwenda mbali. Wazee wanaosema "kwa Wareno" wanasema kama kwamba watu walishuka kutoka baharini, wakajenga, wakayeyuka. Mimi nakwambia anza na dhana nyingine: waliochota maji kwenye kisima hicho ni watu ambao vitukuu vyao mnasali nao Ijumaa.

Chukua Tongoni, jirani zenu wa kaskazini, kilomita 17 hivi kutoka Tanga mjini. Jina lenyewe ndilo hilo tongo, mahali pa magofu. Pana msikiti mkubwa wa karne ya 14 au 15 ambao mihrabu yake, kile kishubaka cha imamu upande wa kibla, bado inasomeka, na makaburi kama 40, mengi yakiwa ya nguzo. Hakuna mahali pengine katika pwani yote ya Afrika Mashariki palipokusanya makaburi ya nguzo kwa wingi hivyo. Mwaka 1857 msafiri Mwingereza, Richard Burton, alipita akayaandika, na tayari yalikuwa magofu. Mji ule uliitwa Mtang'ata. Wareno waliufahamu, na tunajua waliufahamu vipi. Aprili 1498 chombo kimoja cha msafara wa Vasco da Gama, São Rafael, kilipanda fungu karibu na hapo. Maji yalipojaa kikaelea, wakaenda zao. Januari 1499 wakarudi kutoka India, mabaharia wengi wameshakufa, hawatoshi tena kuendesha vyombo vyote. Wakakichoma moto kile kile São Rafael kwenye mafungu yale yale. Siku zile walizokaa wakihamisha shehena, watu wa Mtang'ata waliwaletea kuku, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili. Mwandishi wa safari ile aliliandika jina la mji kwa sikio la Kireno, lakini Mtang'ata bado unaisikia ndani yake.

Basi ndiyo hivyo. "Wareno" wa Tongoni walikuja wakanunua kuku. Msikiti na makaburi vilikuwapo kabla yao, na vilijengwa na wenyewe.

Na Tongoni haikuhamwa mara moja ikaisha. Masimulizi yanasema baadaye, mji ukiwa umeshalala, walikuja watu kutoka Kilwa wakakaa juu ya magofu na kupaita Sitahabu, kutokana na kustahabu, yaani hapa tunapapenda kuliko kule tulikotoka. Nao wakaondoka. Leo kuna kijiji cha wavuvi na wakulima pale pale. Hame ni kama kiti cha barazani, wanakaa wengine wakiinuka wengine. Ndiyo maana swali lako "ni la lini" huenda likawa na majibu matatu, na nikitazama ulivyoeleza nadhani ndivyo litakavyokuwa.

Kijidirisha ndicho kitakachotuambia mengi, kwa hiyo nenda nacho polepole. Kwanza simama mbele yake na simu yako. Simu nyingi zina dira. Huku Tanga kibla ni kaskazini, karibu sawasawa na sindano, kwa kuwa Makka iko karibu kwenye mstari mmoja na sisi. Kama kijidirisha kiko katikati ya ukuta wa kaskazini, kinaanzia chini, mtu anaweza kusimama ndani yake au mbele yake, juu kina tao, na ukizunguka nje unakuta ukuta umetokeza kama nundu, hiyo ni mihrabu na hapo ulipo ni msikiti. Vua viatu ukitaka. Mimi huwa navua. Usishangae dira ikipotoka kidogo, mafundi wa kale hawakuwa na simu. Lakini kama kiko usawa wa kifua, kina pembe nne, na pengine kando yake kuna mabaki ya vingine, hicho ni kidaka. Nyumba za mawe za Waswahili zilikuwa na vidaka ndani, mahali pa kuweka taa, msahafu, mabakuli ya kaure ya kuonyesha wageni. Hapo uko sebuleni kwa mtu. Tofauti ya hayo mawili hata mtoto wa madrasa anaweza kuiona akishaelekezwa, ila kwa simulizi za mdomo pekee watu wamegombana miaka.

Kisha pima upana wa chumba, ukuta mpaka ukuta. Paa la zamani lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali, kiasi cha mita tatu hivi, zaidi ya hapo inapinda kwa uzito wa mawe na chokaa juu yake. Ndiyo maana nyumba zetu za kale zina vyumba virefu vyembamba kama jahazi. Ukikuta chumba cha mita tano bila nguzo katikati, aliyekijenga alikuwa na chuma au mbao kutoka mbali, na hapo umeshaingia zama za Mjerumani au baada yake.

Halafu kwangua kidogo, kidogo tu, udongo ulioshika mawe, sehemu iliyokwisha kuanguka yenyewe. Chokaa ya kienyeji ilichomwa kwa kupanga magogo duara, juu yake mawe ya baharini, moto ukakesha. Kwa hiyo ndani ya chokaa ya kale unaona vichembe vyeusi vya mkaa na vipande vya chaza ambavyo havikuiva. Inakwanguka kwa ukucha. Saruji ni ya kijivu, imelingana, na itakuvunja ukucha. Tazama na mawe yenyewe: ya ukutani ni mwamba wa kawaida, mgumu, wenye matundu. Ya kuchongwa, kwenye mihrabu na fremu za milango, ni tumbawe laini lililotolewa baharini na kukatwa likiwa bado bichi. Ukiona hilo tumbawe laini lenye mistari iliyonyooka, niarifu siku hiyo hiyo.

Mbuyu usiutumie kuhesabu miaka. Kila mtu anautazama mbuyu na kusema "huu una miaka elfu," nami sijamwona mbuyu akikataa. Tazama umeota wapi. Kama umeota ndani ya chumba, au mizizi yake imepanda juu ya ukuta, basi uliota baada ya paa kuanguka. Kama kuta zimeupisha, ulikuwapo kabla. Ni hoja ya kitoto lakini haijawahi kuniangusha.

Kigae chako, sasa. Nimekikuza kwenye picha mpaka kikawa nukta nukta. Najua ungependa niseme kaure ya China, kama yale mabakuli yaliyopachikwa kwenye makaburi ya Kaole kule Bagamoyo. Siyo. Maua yako yamepigwa chapa, si ya brashi: ua la kwanza na la tatu yamefanana mpaka kasoro ya jani. Hiyo ni sahani ya kiwanda cha Ulaya, ya karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20. Geuza uangalie kama mgongoni kuna sehemu ya muhuri. Vyombo vya Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi, vililetwa pwani hii kwa wingi, na sitashangaa. Usihuzunike. Kigae hicho kinasema kwamba wakati wa babu wa babu yako, mtu hapo alikuwa na sahani ya dukani na aliivunja. Kaure ya zamani zaidi, ya enzi za Tongoni, mara nyingi ina rangi ya kijani iliyofifia kama jani la mgomba, nzito, inang'aa bila maua. Na vipo vigae vya vyungu vyetu vya udongo, vyekundu au vyeusi, ambavyo watu huvikanyaga wakitafuta vya kung'aa. Hivyo ndivyo vinavyonivutia mimi zaidi. Ukiona shingo ya chungu yenye mikwaruzo ya pembetatu zilizopangwa mstari, umesimama juu ya makazi yenye zaidi ya miaka elfu, bila utani.

Ukiokota sarafu juu ya ardhi (juu, nimesema), nazo zinaongea. Pesa ya shaba yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili ni ya kampuni ya Wajerumani, miaka ya 1890. Heller inakuja kuanzia 1904. Senti ya tundu ni ya Mwingereza.

Nimefika kwenye reli na zege, na hapo siwezi kuongea kama mtu asiyehusika, kwa sababu nimekulia kambi ya mkonge.

Mkonge wa nchi hii ulianzia kwenu. Mwaka 1893 Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutokana na hiyo 62 ndiyo yakatoka mashamba yote mliyoyaona na msiyoyaona. Kila shamba lilikuwa na reli yake nyembamba na matoroli ya kubeba majani kutoka konde mpaka kwenye korona. (Korona ya mkonge, vijana, mashine ya kusaga majani yatoke singa, sisi tulilijua jina hili kabla ya 2020.) Watu wa kukata waliletwa kutoka mbali, Kigoma, Songea, Msumbiji, wakapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Watoto wao ndio nusu ya Tanga ya leo, na makaburi yao mengi hayana hata jiwe. Mwaka 1964 nchi ilitoa karibu tani 230,000. Baada ya hapo kamba za plastiki zikashusha bei, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, uendeshaji ukalegea, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 tulikuwa tunahesabu tani kama 20,000. Shamba likifa, kambi inakufa nalo: kwanza duka linafungwa, halafu zahanati, halafu mabati yanaanza kutembea usiku.

Zege lenye bolti ni kitako cha mashine. Mashine gani, reli itakwambia: ifuate kwa miguu. Usitafute chuma chenyewe, kimeuzwa chakavu. Vipande vya reli za mkonge utavikuta ni boriti za vyoo na nguzo za mageti mkoa mzima. Tafuta tuta lililonyooka kupita kiasi. Likielekea bara kwenye mikonge pori, palikuwa na korona au ghala. Likielekea mikokoni, walikuwa wanashusha marobota kwenye tishali au jahazi, na chini ya tope huenda kuna vigogo vya gati. Usiende peke yako maji yakijaa.

Kati ya msikiti wa kale (kama ni msikiti) na mkonge kuna karne nzima ambayo watu huiruka kwa sababu haina magofu ya kupendeza. Pangani ya karne ya 19 ilikuwa bandari ya misafara ya pembe na watumwa, na kandokando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita ya 1888 dhidi ya kampuni ya Wajerumani, alikuwa na shamba huko. Walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Vita ilihamisha watu, lakini kilichoiua bandari hasa ni reli: 1893 walianza kuijenga kutoka Tanga, na msafara uliokuwa unashuka Pangani ukageukia kituoni. Vijiji vidogo vya pwani vilivyoishi kwa kuhudumia majahazi vikapungua kimoja kimoja. Sahani yako ya maua huenda ni ya hao.

Kwa hiyo ukinibana leo, bila kuona, ningesema: chini kabisa msikiti mdogo au nyumba ya mawe, juu yake watu wa minazi wa karne ya 19, pembeni mkonge. Lakini nimewahi kusema kwa kujiamini nikaumbuka. Kijiji kimoja kaskazini ya Tanga, mbele ya wageni, nilipiga ukuta kofi nikasema huu una miaka mia nne. Bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mchele akacheka mpaka ungo ukayumba. "Huo amejenga marehemu mume wangu. Mawe alitoa kule kwenye msikiti wa kale, mimi ndiye niliyekuwa nayabeba." Mawe yalikuwa ya miaka mia nne kweli. Ukuta ulikuwa wa juzi.

Tangu hapo nawauliza kina bibi kwanza, nawe wako yupo. Usimuulize "nani alijenga?" Swali hilo linajibiwa kwa Wareno, Washirazi au Wadebuli (wageni wa kale wa masimulizi), kwa sababu ndivyo mtu mzima anavyomjibu mgeni ili amalize. Muulize nani alikuwa wa mwisho kuchota maji pale. Minazi ya mstari wa kwanza ilipandwa na nani. Nani kazikwa humo, na kwa nini hazikwi tena mtu. Muulize mlikuwa mnakaa wapi kabla ya Operesheni. Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishiwa vijijini kwa amri, na hakuna mtu wa umri wake asiyekumbuka mwembe wa nyumbani kwao ulikuwa upande gani. Inawezekana kabisa hame hilo ni lake mwenyewe na hajawahi kuwaambia.

Na hilo la jioni muulize kwa adabu. Kama ni mzimu, nani alikuwa anapeleka ubani na marashi, na kwa shida gani? Amboni, penye mapango, watu mpaka leo wanakwenda kwa Mabavu kuomba watoto. Mimi si mtu wa mizimu, lakini nakiri kwamba hofu ya mizimu imeyalinda magofu ya Tanga kuliko vibao vyetu vyote. Waliovunja ile nguzo walitoka mjini.

Kwa vitendo sasa. Piga picha kila ukuta ukiwa umeegemeza fimbo uliyoipima. Usikate miti iliyoshika kuta, mizizi inayobomoa ndiyo hiyo hiyo inayoshikilia. Kata vichaka vya njia tu. Usichome moto kusafisha, mawe ya chokaa yanapasuka, na msimruhusu mtu kuyachukua akachome chokaa, kuna magofu yaliyokwisha namna hiyo. Usizibe nyufa kwa saruji, hata fundi akikubembeleza: saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa chokaa na kuula taratibu. Kisima kifunikeni kwa miti kabla mtoto hajatumbukia. Andikeni barua kwa jina la familia kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri ni muhimu, msiondoke bila huo. Ukipata nafasi pita pia makumbusho ya Urithi pale Tanga mjini. Kwa upande wa mkonge na mipaka ya mashamba, mafaili ya Mjerumani na Mwingereza yako Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam. Ya Mjerumani yameandikwa kwa mkono wa kale unaoumiza macho hata kwa anayejua Kijerumani, kwa hiyo anza na ramani zao za kipimo cha 1:300,000, zimejaa majina ya vijiji ambavyo havipo tena.

Kwa sasa niletee vitu vitatu: ukuta wenye kijidirisha unaelekea wapi kwenye dira, chumba kina upana gani, na maji ya kisima ni matamu au ya chumvi. Kama yameingia chumvi, huenda tumeshapata sababu mojawapo ya kuhama. Kigae kirudishe pale pale ulipokiokota, weka jiwe juu yake. Na bibi msalimie sana. Visima vya zamani vilikuwa na majina. Mwambie mzee anauliza, chenu kinaitwaje?